Nyani wa Kenya Katika Darasa la Marekani

"Mama, leo tumetazama filamu shuleni. Kumbe wanaume hupigana kwa sababu ndivyo walivyoumbwa!"

Mzazi unayelea ughaibuni, ipo siku utaletewa neno kama hilo mezani. Kabla hujalikubali au kulikemea, sikiliza kisa cha nyani wetu.

Mwaka 1959, Mmarekani Irven DeVore alikwenda Kenya kuchunguza nyani. Miaka ya 1960, filamu za nyani, mojawapo kuhusu wanyama wa Amboseli, ziliingizwa katika somo la watoto wa miaka kama 10 lililoongozwa na mwanasaikolojia Jerome Bruner. Somo liliuliza: utu wa mtu ni nini, aliupataje, na auzidisheje? Watoto walitazama pia maisha ya Wanetsilik, wawindaji wa kaskazini mwa Kanada.

Mwaka 1975 moto ukawaka. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba watoto wao wanalinganishwa na wanyama, na kwamba mila ngumu za watu wengine zinaonyeshwa bila kukemewa. Mbunge John Conlan wa Arizona akalifikisha jambo hilo Bungeni, na fedha za serikali zikasimamishwa.

Mwaka huohuo E. O. Wilson alichapisha kitabu kikubwa kuhusu baiolojia ya tabia, na sura ya mwisho ikamgusa binadamu. Mwaka 1978 wapinzani walimmwagia maji mkutanoni Washington. Walihofia kwamba neno "maumbile" limewahi kutumiwa kuhalalisha ubaguzi, na lingeweza kutumiwa tena.

Nyani wenyewe wana jibu. Huko Masai Mara, Robert Sapolsky alikuwa akifuatilia kundi moja. Miaka ya 1980, madume wakali waliozoea kugombania mabaki ya chakula jalalani kwenye hoteli ya watalii walikufa kwa kifua kikuu. Wakabaki wapole. Madume wageni waliohamia baadaye walishika mwenendo huo wa upole, nao ukadumu hata baada ya wapole wa mwanzo kutoweka.

Ikiwa dume la nyani hufunzwa na kundi lake, sembuse mwanao?

Kwa hiyo usimkataze filamu. Kaa naye muitazame pamoja, kisha muulize: nani ameonyeshwa, nani ameachwa, na je, kila kinachotokea porini ni ruhusa kwetu? Damu ina sehemu yake, lakini wahenga walishasema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.