Bawa Linapoacha Kubeba

Usiku wa masika, mtu aliyeko kwenye vilima vya mawe vya Igogo, Mwanza, huona radi zikimulika mawingu juu ya Ziwa Victoria. Joto la mji huo, ulio kiasi cha mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, laweza kuwa nyuzi 23 za Sentigredi. Kwa kuwa joto hupungua kwa karibu nyuzi 6 katika kila mita 1,000, mwanafunzi aweza kukadiria mwenyewe kwamba kwenye mita 5,000 hivi hufikiwa kiwango cha maji kuganda. Hivyo hata katika nchi za joto ndege yaweza kushikwa na barafu.

Ndani ya mawingu hayo mna matone yaliyopoa chini ya sifuri lakini hayajaganda. Yakigonga ukingo wa mbele wa bawa, huganda papo hapo. Wengi hudhani kwamba hatari iko katika uzito. Uzito upo, lakini lililo baya zaidi ni kuharibika kwa umbo la bawa. Bawa huinua ndege maadamu hewa hupita juu yake ikiufuata mviringo wake. Pembe baina ya bawa na hewa inayolikabili ikizidi kiasi, mara nyingi nyuzi 15 hivi, hewa hubanduka na bawa huacha kubeba, ijapokuwa injini zanguruma vizuri. Barafu, hata ile nyembamba yenye mkwaruzo kama wa msasa, huipunguza pembe hiyo. Basi bawa laweza kushindwa kabla ya king'ora kulia.

Dawa yake ni kuishusha pua ya ndege. Lakini mtu anayehisi kuanguka hutaka kuvuta usukani, na kuvuta huizidisha pembe. Karibu na Buffalo, Marekani, tarehe 12 Februari 2009, ndege iliyokuwa imepita katika barafu ilipungukiwa na mwendo. Usukani ukatikisika kumwonya rubani, naye akauvuta. Watu 50 walikufa. Wachunguzi walibaini kwamba athari ya barafu yenyewe ilikuwa ndogo.

Kinyume chake kilitokea Abidjan, usiku wa tarehe 30 Januari 2000. Ndege ya Kenya Airways aina ya Airbus A310 ilikuwa ndiyo kwanza imeruka, king'ora kilipolia. Kilikuwa cha uongo: bawa lilikuwa likibeba barabara. Rubani akaishusha pua, kama afanyavyo mtu aliyefunzwa. Mita 5,000 juu ya ziwa, kitendo hicho kingegharimu kimo kidogo tu. Hapo ndege ilikuwa chini ya mita 150, juu ya bahari yenye giza isiyoonyesha taa wala upeo. Kati ya watu 179 waliokuwamo, walipona 10.