Ndege wa Uani Katika Majira ya Baridi

Mfasiri anayeletewa makala ya Kiingereza juu ya watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanaokaa madirishani wakati wa baridi kali, wakiwatazama ndege waliomo uani na kuwapiga picha, huenda akadhani kwamba kazi yake ni nyepesi. Vitu vyenyewe si vigeni kwetu: ndege, dirisha, ua, kamera. Lakini tukiyachambua maneno hayo twaona kwamba karibu kila moja lina mtego wake, na mtu asiyejihadhari aweza kuandika Kiswahili fasaha kinachosema jambo jingine kabisa.

Tuanze na majira. Wengi hukimbilia neno kipupwe. Kipupwe cha pwani yetu ni kati ya Juni na Agosti, wakati kusi ivumapo. Majira yanayozungumzwa huko kaskazini ni ya Desemba hadi Februari, ambapo huku kwetu yavuma kaskazi na joto limekithiri. Msomaji wa Tanga akiambiwa kwamba ndege wa Uingereza huhesabiwa katika kipupwe, ana haki ya kuingoja habari hiyo mwezi wa Julai. Tena kipupwe hakiui ndege, ilhali majira yale huua. Usiku hufikia saa 16, wadudu wametoweka, maji yameganda, na kiumbe mwenye uzito wa gramu 10 hana budi kupata chakula cha usiku kucha katika mchana mfupi mno. Hilo ndilo linalomfanya asogee karibu na nyumba za watu, na bila ya kulijua hilo makala yote haina maana. Kwa hiyo twapendekeza iandikwe majira ya baridi ya kaskazini mara ya kwanza, pamoja na kutajwa miezi yake, na baadaye majira ya baridi peke yake. Majira ya theluji hayafai kwa kila mahali, kwani London yaweza kupita miezi hiyo bila ya theluji ya kutosha kufunika majani. Hali kadhalika tusichanganye theluji, barafu na sakitu. Mkulima wa Njombe aijua sakitu vizuri kuliko mfasiri wa mjini.

Neno ndege nalo lina lake. “Alikuwa akipiga picha za ndege” ni sentensi iwezayo kumpeleka mtu kituo cha polisi, kwani haionyeshi kama ni kiumbe au chombo cha kiwanjani. Dawa yake imo katika sarufi yetu wenyewe: tukisema ndege hawa, ndege wadogo, ndege walioshuka, shaka huondoka. Mfasiri na ahakikishe kwamba sentensi ya kwanza ina upatanisho wa namna hiyo. Wala neno picha lisiachwe kwa ajili ya kufupisha, maana aliyempiga ndege picha na aliyempiga ndege hawakufanya kazi moja.

Wapo wanaoandika ndege wa mwituni. Haiwezekani ndege awe wa mwituni na wa uani kwa wakati mmoja. Kinachokusudiwa ni kwamba hana mwenyewe, basi ndege wasiofugwa latosha. Uani lenyewe ni neno zuri, ingawa kwa Waswahili kwenda uani kwaweza kuwa na maana ya faragha zaidi. Maadamu ni ndege ndio wanaokwenda, hatuoni haja ya kulikwepa.

Kuhusu kitendo chenyewe cha kutazama, lugha yetu ina hazina ambayo haijatumiwa. Mababu zetu waliwatazama ndege mchana kutwa, lakini kwa nia ya kuwafukuza. Tuna kitenzi kuamia, yaani kulinda nafaka isiliwe na ndege. Tuna dungu, jukwaa la mlinzi shambani. Tuna teo na kombeo. Anayewajua kweleakwelea wanavyoshukia mtama hatastaajabu kwa nini neno la kuwatazama kwa furaha halikuhitajiwa. Kuamia hakufai hapa, kwa kuwa maana yake ni kinyume. Lakini dungu laweza kupanuliwa limaanishe kibanda cha kujificha mpiga picha, naye mwenye kulisikia ataelewa mara moja kwamba ni mahali pa kukaa kimya na kungoja. Kifaa kinachotundikwa mtini na kutiwa mbegu za alizeti au shahamu twapendekeza kiitwe kilishio, kutokana na lisha, kwa mfano wa kichujio na kifungio. Hori ni la ng'ombe.

Katika upigaji picha pana neno moja la kuangaliwa sana. Kipimamwanga cha kamera hukisia kwamba mandhari yote ina weupe wa wastani. Theluji ikijaa mbele yake hukipotosha, kikapunguza mwanga. Theluji ikatoka ya kijivu na ndege akawa kivuli. Kwa sababu hiyo mpiga picha huongeza mwanga kwa hatua moja au mbili, kila hatua ikiuzidisha mwanga mara mbili. Kiingereza hutumia hapo neno lililo sawa na lile la kusimama, nao wapo watakaoandika vituo. Hatua ndilo sahihi. Mengine, kama betri kuishiwa nguvu upesi kwa baridi, au lenzi kushika ukungu ikiingizwa ndani penye joto, husemeka kwa maneno ya kawaida.

Majina ya ndege ndiyo magumu kuliko yote. Yuko ndege mdogo wa Uingereza mwenye kidari chekundu, na walowezi waliohamia Amerika walimpa jina lake ndege mwingine kabisa, mkubwa zaidi na wa jamaa nyingine, kwa ajili ya kidari tu. Neno moja la Kiswahili kwa wote wawili litakuwa kosa. Jina la kisayansi litajwe, Erithacus rubecula kwa yule wa kwanza na Turdus migratorius kwa wa pili. Chikadii wa Amerika, anayepunguza joto la mwili wake usiku wa baridi ili asimalize akiba, aliitwa hivyo kwa kufuata mlio wake, kwa hiyo twaweza kumtohoa bila ya wasiwasi.

Tangu mwaka 1979 chama kikubwa cha kuhifadhi ndege cha Uingereza huwaalika wananchi kila mwezi wa Januari kuwahesabu ndege wa bustanini kwa muda wa saa moja. Kinachoandikwa si jumla ya walioonekana bali idadi kubwa iliyoonekana kwa mara moja, asije ndege mmoja akahesabiwa mara kumi; mfasiri asiandike jumla. Wala asimtie mbayuwayu katika orodha hiyo. Mwezi huo mbayuwayu wa kule yuko Afrika.