Soketi ya Kupimia Gari Isiyowasiliana na Mashine: Marudio ya Umeme wa Mkondo

Watahiniwa wengi wanaijua kanuni ya Omu kwa kichwa, lakini swali likivikwa nguo za gereji wanakwama. Katika marudio haya tutatumia sakiti moja tu, iliyo chini ya usukani wa magari mengi unayoyapanda, kurudia volteji, ukinzani, fyuzi na rezista zilizounganishwa sambamba.

Tuchukue mfano. Noah inayobeba abiria kati ya Tukuyu na Uyole imewaka taa ya injini kwenye dashibodi. Gari linatembea, ila linakula mafuta kuliko kawaida. Dereva analipeleka gereji. Fundi anachomeka mashine ya kupimia kwenye soketi, mashine inawaka, kisha inaandika kwamba imeshindwa kuunganishwa na gari. Fundi anasema, "Dogo, kontroli boksi imekufa hii. Tafuta nyingine." Bei ya kontroli boksi inaweza kumeza hesabu ya bosi ya wiki kadhaa. Kabla dereva hajaenda kukopa kwenye kikoba, jiulize kama mwanafizikia: je, kimya cha mashine ni ushahidi kwamba kontroli boksi imekufa?

Si ushahidi. Kontroli boksi ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani yaingie kwenye injini na cheche ipigwe lini. Injini ikiwa inawaka na kutembea kilomita zote hizo, kontroli boksi inapata umeme na inafanya kazi. Kilichokatika ni mazungumzo kati yake na mashine, na mazungumzo hayo hupita kwenye waya. Inawezekana kweli sehemu ya mawasiliano ndani ya boksi imeungua, lakini hilo ni jambo la kufikiriwa mwisho, baada ya waya zote kupimwa.

Sasa tuitazame soketi yenyewe. Ina pini 16 katika safu mbili za pini nane nane. Marekani iliilazimisha kwa magari mapya ya kuanzia toleo la mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Si lazima ukariri pini zote. Pini ya 16 ni chanya ya betri, na kwa kawaida ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Pini ya 4 ni hasi inayokwenda kwenye bodi ya gari, na ya 5 ni hasi ya mawasiliano. Pini ya 6 na ya 14 ni waya mbili za mtandao wa CAN, ambao magari mapya huutumia. Pini ya 7 ni waya mmoja wa mawasiliano unaotumiwa na magari mengi ya zamani kidogo.

Kosa la kwanza la kuepuka linatokana na pini ya 16. Kwa kuwa ina umeme wakati wote, mashine itawaka hata kama ufunguo uko mfukoni mwa dereva. Lakini swichi ikiwa imezimwa kontroli boksi imelala, na haiwezi kumjibu mtu. Kwa hiyo washa swichi kwanza. Halafu chomeka mashine hiyo hiyo kwenye gari jingine ambalo linajulikana kuwa linasoma. Hilo ndilo jaribio linganishi ulilofundishwa maabara: badili kitu kimoja, vingine viache vilevile. Mashine ikisoma gari la pili, yenyewe ni nzima. Isiposoma, pengine tatizo ni mashine au waya wake, na Noah haina hatia.

Kama mashine haiwaki kabisa, anza na fyuzi. Katika Toyota nyingi fyuzi ya soketi hii huandikwa OBD kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Katika baadhi ya magari mengine inashirikiana na soketi ya kuchajia simu. Chaja mbovu ikileta shoti, fyuzi inakatika, na dereva anagundua tu kwamba simu haichaji. Hajui kwamba soketi ya kupimia nayo imezima. Weka fyuzi ya ampea zilezile. Ukiweka ya 30 A mahali pa 7.5 A, siku ya shoti utaungua waya kabla ya fyuzi, na hapo ndipo moto wa gari unapoanzia.

Noah yetu, hata hivyo, mashine yake iliwaka. Tunakwenda kwenye hasi, na hapa ndipo watahiniwa na mafundi hudanganyika pamoja.

Wilaya ya Rungwe hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Tukuyu hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Abiria wanaingia na viatu vyenye tope, kapeti halikauki, na boliti inayobana waya wa hasi kwenye bati la gari inapata kutu. Kutu hupitisha umeme vibaya sana. Fundi anaweka mita ya volti kati ya pini ya 16 na ya 4, anasoma karibu 12 V, anatangaza kwamba umeme upo. Je, yuko sahihi?

Tufanye hesabu. Tuseme kutu imeongeza ukinzani wa 50 Ω kwenye njia ya hasi, na mita ina ukinzani wa ndani wa 10,000,000 Ω. Viwili hivi vimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo volteji inagawanyika kwa uwiano wa ukinzani. Mita itasoma:

V = 12 × 10,000,000 ÷ 10,000,050, ambayo ni 12 V kasoro kiasi kisichoonekana kwenye mita.

Sasa badala ya mita weka taa ya kupimia yenye balbu ya 12 V, 5 W. Ukinzani wake ni R = V² ÷ P = 144 ÷ 5 = 28.8 Ω. (Balbu ikiwa baridi ukinzani wake hupungua, lakini hapa tuchukulie haubadiliki.) Jumla ya ukinzani ni 28.8 + 50 = 78.8 Ω.

I = 12 ÷ 78.8 = 0.152 A

Volteji ya balbu = 0.152 × 28.8 = 4.4 V, kwa kukadiria.

Nguvu inayopata balbu ni 4.4 × 0.152, yaani takribani 0.67 W badala ya 5 W. Itawaka hafifu sana au isiwake kabisa. Kutu ni ileile na betri ni ileile, lakini mita imesema salama na taa imesema hatari. Sababu ni kwamba mita haivuti mkondo wa kutosha kuifanya kutu ipoteze volteji. Mashine ya kupimia huvuta mkondo: inaweza kupata umeme wa kuwasha kioo chake, kisha ikashindwa inapoanza kuwasiliana. Kwa hiyo pima hasi huku kuna kitu kinachovuta umeme. Taa ikiwaka hafifu, fungua boliti ya hasi, isugue kwa msasa hadi bati ling'ae, ibane, upime tena. Gharama ni kipande cha msasa.

Taa ikiwaka vizuri kwa pini ya 4 na ya 5, hamia kwenye waya za mawasiliano. Mtandao wa CAN una rezista mbili za 120 Ω, kila moja ikiwa kwenye ncha yake, zilizounganishwa sambamba. Ukipima kati ya pini ya 6 na ya 14 unategemea kupata:

R = (120 × 120) ÷ (120 + 120) = 60 Ω

Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza na usubiri dakika chache, kwa sababu omu hazipimwi kwenye sakiti yenye umeme. Ukisoma karibu na 0 Ω, waya mbili zimegusana. Mita ikionyesha ukinzani usio na mwisho, njia ya kwenda kwenye soketi imekatika. Yapo magari yenye boksi la kati linalotenganisha soketi na mtandao wa ndani, na kwa hayo kipimo cha 60 Ω hakitumiki, kwa hiyo usikimbilie kukata waya.

Kwa nini waya mbili badala ya moja? Mtandao ukiwa kimya, zote mbili ziko kwenye 2.5 V na tofauti ni sifuri. Ukizungumza, moja hupanda hadi 3.5 V na nyingine hushuka hadi 1.5 V, tofauti ni 2 V. Kelele ya umeme kutoka kwenye cheche za injini huziingia zote mbili kwa kiasi karibu sawa, na kifaa kinapotoa moja kwa nyingine kelele inafutika. Ndiyo maana zimesokotwa pamoja.

Ukipata 60 Ω na bado kuna kimya, kumbuka kwamba vifaa vingi vinatumia waya hizo hizo. Kimoja kibovu kinaweza kuwanyamazisha wote, kama mtu anayepiga kelele mkutanoni. Chomoa kimoja kimoja, ukianza na vile vilivyoongezwa baadaye, kama alamu na vifaa vya GPS.

Liko jambo moja ambalo vipimo hivi vyote havitalionyesha. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 yana soketi yenye umbo lilelile, lakini hayazungumzi lugha inayoeleweka na mashine za bei nafuu. Waya ni nzima, mashine ni nzima, ila havielewani. Hapo inahitajika mashine inayoijua Toyota husika, au fundi mzoefu anayehesabu mimeto ya taa ya injini. Noah ya umri huo ni ya kushukiwa mapema. Muulize dereva mwaka wa gari kabla hujafungua hata boliti moja.

Swali la mazoezi. Fundi wa Kiwira anapima soketi ya gari akitumia taa ya kupimia. Kati ya pini ya 16 na ya 4 taa inawaka vizuri. Kati ya 16 na 5 haiwaki. Baada ya kurekebisha, anaondoa hasi ya betri na kupima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14, anapata 120 Ω. (a) Kosa la kwanza liko wapi? (b) Kipimo cha 120 Ω kinaonyesha nini? (c) Kama angepata 40 Ω, ungeeleza vipi?

Majibu. (a) Njia ya hasi ya pini ya 5 imekatika au ina kutu. Chanya na fyuzi ni nzima kwa kuwa taa iliwaka kwa pini ya 4. (b) Rezista moja tu ndiyo inayoonekana. Nyingine haipo au waya wa kwenda kwake umekatika. (c) 1/40 = 1/120 + 1/120 + 1/120, kwa hiyo kuna rezista ya tatu ya 120 Ω sambamba, huenda kutoka kwenye kifaa kilichoongezwa.