Injini Hudumu, Bodi Huoza: Sayansi ya Kulifufua Gari la Kale la Kiitalia

Katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya awali yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari ya Kiitalia yalijipatia sifa kubwa. Mwaka 1974 Sandro Munari alimaliza wa tatu akiendesha Lancia Fulvia, na mwaka uliofuata akawa wa pili kwa Lancia Stratos. Mwaka 1988 na 1989 Miki Biasion alishinda mara mbili mfululizo kwa Lancia Delta Integrale. Jambo la kustaajabisha ni kwamba asili ya injini ya Delta hiyo ni mchoro wa mhandisi Aurelio Lampredi, uliotumika kwa mara ya kwanza mwaka 1966 katika gari dogo la wazi la michezo, Fiat 124 Sport Spider. Mchoro uliobuniwa kwa gari la matembezi uliendelezwa kwa zaidi ya miaka 20 hata ukashinda katika barabara ngumu za Afrika Mashariki.

Magari ya rika la Fiat 124 leo huhesabiwa kuwa ya kale, na wako watu wengi duniani wanaoyanunua yakiwa mabovu ili wayafufue. Ichukuliwe kwamba gari la namna hiyo limefikishwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, na mwenye fedha za mauzo ya pamba anataka kulinunua. Muuzaji analiwasha, injini inanguruma vizuri, rangi nyekundu inang'aa. Je, anunue? Sayansi inamwonya asitumie masikio kabla ya kutumia sumaku. Injini ya gari la kale hutengenezeka karibu nyakati zote. Kinachoamua kama gari litafufuka au litamfilisi mwenyewe ni bodi.

Bodi ndiyo uti wa mgongo

Lori la kawaida lina chesisi, yaani mihimili miwili mizito ya chuma ambayo juu yake hufungwa kila kitu kingine. Gari dogo la michezo la miaka ya 1960 na 1970 kwa kawaida halina mihimili hiyo. Mabamba ya chuma yenye unene wa karibu milimeta moja hukunjwa na kuchomelewa pamoja yakawa masanduku yaliyofungika: chini ya milango, kandokando ya sakafu, na mahali springi zinaposhikwa. Nguvu za gari zima zimo katika masanduku hayo. Ubunifu huu hupunguza uzito, lakini una gharama yake. Mhimili wa lori ukiliwa na kutu kwa nusu milimeta, hakuna hatari kubwa. Bamba la milimeta moja likipoteza kiasi hichohicho, limepoteza nusu ya unene wake.

Mfano maarufu ulitokea Uingereza. Mwaka 1980 ilijulikana kwa umma kwamba katika baadhi ya magari ya Lancia Beta ya miaka ya awali, fremu ndogo ya mbele inayobeba injini ilikuwa imeoza kwa kutu. Magari mengi yalinunuliwa tena kutoka kwa wenyewe na kuharibiwa. Injini za magari hayo, ambazo nazo zilitokana na mchoro wa Lampredi, hazikuwa na kosa.

Chuma hurudi kwenye asili yake

Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa chuma. Huchimbwa kikiwa mawe yenye oksidi ya chuma, nayo oksijeni huondolewa katika tanuri kwa joto kali na kaboni. Kutu ni safari ya kurudi: chuma huungana tena na oksijeni kikisaidiwa na maji. Tendo hili ni la umeme na kemia kwa pamoja. Mahali pamoja juu ya bamba chembe za chuma hupoteza elektroni na kuingia majini zikiwa ioni. Mahali pengine oksijeni iliyoyeyuka majini huzipokea elektroni hizo. Chumvi ikiwamo, maji hupitisha umeme kwa wepesi zaidi na kutu huenda mbio.

Yapo mambo mawili ambayo msomaji hana budi kuyakumbuka. Kwanza, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili au zaidi. Ndiyo maana rangi huvimba na kufanya malengelenge: kutu iliyo chini yake inasukuma. Pili, kutu ni tete na yenye vitundu, hivyo haimlindi mwenyeji wake kama oksidi ya alumini inavyoilinda alumini. Maji hupenya na kuendelea na kazi yake. Siku hizi viwanda hupaka mabamba zinki, metali inayokubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 hayakupata kinga hiyo.

Hali ya hewa ya Bariadi

Je, Bariadi ni mahali pazuri pa kulihifadhi gari la kale? Jibu lina pande mbili. Mji huo uko zaidi ya kilometa 500 kutoka Bahari ya Hindi, hivyo upepo wake hauna chumvi kama ule wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Aidha, miezi ya Juni hadi Septemba huwa mikavu. Chuma safi hupata kutu polepole mno unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 60 hivi. Gari lililowekwa bandani katika miezi hiyo hupumzika.

Lakini msimu wa mvua huleta adui mwingine, nao ni udongo mweusi wa mbuga. Chembe zake ni ndogo sana, nazo hunyonya maji na kuvimba. Tope lake likirushwa na magurudumu hujibana katika pembe za chini ya gari na kukaa na unyevu siku nyingi baada ya barabara kukauka. Bamba linalofunikwa na tope hilo ni kama kidonda kilichofungwa kwa kitambaa kibichi. Kwa hiyo gari la Bariadi huweza kuwa zima kwa juu na bovu kwa chini. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Vipimo vinne kabla ya kununua

Kipimo cha kwanza ni sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa laini. Hupitishwa kwenye kingo za chini za milango na juu ya magurudumu. Mahali isiponata, chini ya rangi kuna puti nene badala ya chuma.

Kipimo cha pili ni mpini wa bisibisi. Masanduku ya chini ya milango yakigongwa taratibu, chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mzito na mfu.

Kipimo cha tatu ni nafasi kati ya mlango na bodi. Inatakiwa iwe sawa tangu juu hadi chini. Ikipanuka juu na kubanana chini, au kinyume chake, huenda gari limepinda katikati. Kwa gari la wazi kama Spider, lisilo na paa la kulisaidia, dalili hii ina uzito wa pekee.

Kipimo cha nne ni kulala chini ya gari, likiwa limeegemezwa imara juu ya vigingi wala si jeki peke yake, na kukagua mahali springi, usukani na injini vinaposhikwa. Hapo kutu si suala la uzuri. Kiungo kikikatika gari likiwa katika mwendo, watu hufa.

Kuondoa kutu kwa umeme

Vipande vidogo vya chuma laini, kama bawaba na vishikizo, vinaweza kusafishwa kwa umeme. Ndoo ya plastiki hujazwa maji yenye gramu 5 hadi 10 za kaboneti ya sodiamu kwa kila lita. Kipande chenye kutu hufungwa kwenye ncha hasi ya betri ya volti 12, na chuma chakavu cha kawaida kwenye ncha chanya, bila vyuma hivyo kugusana. Mapovu huonekana, na baada ya saa kadhaa kutu hulegea na kuondoka kwa brashi.

Magadi ya sokoni yana kaboneti hiyohiyo, lakini mara nyingi huchanganyika na chumvi ya kawaida, ambayo huchochea kutu na huweza kutoa gesi ya klorini yenye sumu. Yafaa itumike ile safi ya maabara. Mapovu ya ncha hasi ni hidrojeni, gesi inayolipuka; kazi ifanyike nje, mbali na moto. Chuma kisichoshika kutu kisitumiwe kwenye ncha chanya, kwa kuwa huacha majini kromu yenye sumu kali. Alumini isiingizwe humo, maana huliwa na maji hayo. Wala springi na bolti za nguvu, kwani hidrojeni hupenya ndani yake na kuzifanya zikatike ghafla. Kipande kikitoka kikaushwe na kupakwa rangi ya kwanza siku hiyohiyo.

Injini nayo isisahauliwe

Kusema kwamba injini hudumu si kusema kwamba haina masharti. Injini ya Lampredi ina bloku ya chuma cha kalibu na kichwa cha alumini. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kipande cha alumini chenye urefu wa sentimeta 40 kikipata ongezeko la nyuzi 70 za Selsiasi hurefuka kwa takriban milimeta 0.64, cha chuma cha kalibu hurefuka kwa 0.31 tu. Gasketi iliyo kati yao huvumilia mvutano huo kila siku. Injini ikichemka kupita kiasi, kichwa hupinda.

Tena metali mbili tofauti zikiwa katika maji yenye chumvi hufanya betri, na alumini ndiyo huliwa. Maji ya kisima yenye madini mengi hayafai kutiwa katika rejeta. Yatumike maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Mwisho, mkanda wa mpira unaozungusha kamshafti huzeeka hata gari likiwa limesimama. Ukikatika, valvu huweza kugonga pistoni. Ubadilishwe kabla injini haijawashwa, si baada ya kuisikia ikinguruma.

Uamuzi

Ikiwa vipimo vinaonyesha kwamba kutu imo katika milango na kingo tu, mafundi wa Bariadi waliozoea kuchomelea plau, matela na baiskeli wanao msingi wa kazi hiyo, ingawa bamba jembamba linadai moto mdogo na mkono mwepesi. Ikiwa masanduku na viungo vya springi vimeoza, busara ni kuliacha gari, au kulinunua kwa ajili ya vipuri. Hakuna rangi inayoweza kurudisha chuma kilichokwisha kuwa udongo.

Shule inaweza kuyathibitisha haya bila gari. Misumari mitano iliyosuguliwa kwa msasa iwekwe katika vyombo vitano: cha kwanza kikavu na kilichofungwa, cha pili chenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, cha tatu chenye maji ya kawaida, cha nne chenye maji ya chumvi, cha tano chenye udongo wa mbuga uliolowa. Baada ya juma moja wanafunzi waipange kwa kiasi cha kutu na waeleze sababu. Atakayeweza kueleza tofauti kati ya msumari wa pili na wa tano ataelewa kwa nini jembe huoshwa kabla ya kuwekwa ghalani, na kwa nini mnunuzi wa gari jekundu anapaswa kuinama kwanza na kulitazama chini.