Mstari wa Saba

Nilikwenda Maswa kufuatilia bei ya pamba. Nikarudi na habari nyingine kabisa, ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani: daftari la shule lenye ukurasa uliotoboka kwa kufutwafutwa.

Daftari hilo ni la afisa uandikishaji wa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo. Kabla hajamsajili mtu kwenye simu, huandika majina kwa penseli. Kila kaya ameipigia mistari kwa rula, na kila mstari ameupa namba: moja mpaka sita. Mchango wakati huo ulikuwa Sh30,000 kwa mwaka, na ulitosha watu sita. Mstari wa saba haupo.

Siku ile alikuja mama mmoja, pesa ya pamba kaifunga kwenye ncha ya khanga. Kwake wako saba: yeye, mumewe, mama mkwe na watoto wanne. Akataja majina matano bila kusita. La sita likamshinda. Afisa akaandika la bibi, akaambiwa afute. Akaandika la kitinda mimba wa miaka mitatu, akaambiwa afute, amrudishe bibi. Akamrudisha. Ikawa hivyo mpaka karatasi ikaachia, na kidole cha afisa kikaonekana upande wa pili.

"Nyie wa mjini mnadhani bima ni kulipa tu," aliniambia bila kuinua macho. "Huku ni kuchagua. Mimi simwambii mtu amwache nani. Namuuliza tu: huyu ana njia nyingine?"

Njia nyingine, kwa sera ya afya, ipo. Mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo vilevile. Kwa hesabu hiyo, mtoto au bibi mmoja angebaki nje na mambo yangekwenda. Mama yule akatikisa kichwa. "Hiyo bure naijua," alisema. "Unaandikiwa dawa, halafu unaambiwa ukanunue dukani." Bibi ana presha, na vidonge vyake ni vya kila siku.

Mwishowe akamwacha kijana wake mkubwa, wa miaka 16, yule anayeswaga ng'ombe wa kulimia. "Huyu haumwi," akasema, akafungua khanga.

Afisa aliandika kama alivyoambiwa, akawapiga picha mmoja mmoja wakiwa wamesimama mbele ya ukuta wa udongo. Bibi alivua kilemba, akakivaa tena, akataka picha irudiwe. Walipoondoka ndipo afisa akasema lililokuwa moyoni.

"Asiyeumwa ndiye ninayemwogopa. Kwanza, ndiye anayeanguka na mkokoteni. Pili, mfuko unaishi kwa wazima. Wote wakiniletea wagonjwa tu, hiyo elfu thelathini itatibu nani?"

Sijamsikia mtaalamu wa bima akilieleza jambo hili waziwazi kuliko yeye.

Namba sita haiko CHF peke yake. Mtumishi wa umma aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake asilimia 3. Humo wanaingia yeye, mwenza na wategemezi wanne. Sita tena. Ila kadi yake inapokelewa hata Hospitali ya Kanda ya Bugando. Ya mkulima, hata baada ya CHF kuboreshwa mwaka 2018, ilikomea hospitali ya rufaa ya mkoa. Kampuni binafsi nazo huweka kikomo cha fedha kwa mwaka. Kikifika, mgonjwa anarudi mfukoni mwake.

Lakini kwa nini sita? Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wastani wa kaya moja mkoani Simiyu, iliko Maswa, ni watu 6.9. Maana yake, kaya ya kawaida kabisa ya mkoa ule ilikuwa na mtu mmoja wa kufutwa. Na mtoto wa marehemu dada, anayelelewa humo humo, anahesabiwa wapi? Nilimuuliza afisa. Akafungua daftari, akanionyesha majina aliyoyaandika pembeni, nje ya mistari. Yalikuwa mengi.

Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu mwaka 2023. Wanaopanga kaya ihesabiwe vipi, nawaomba wafike Maswa msimu wa pamba, wakae na afisa yule kwenye benchi lake kwa siku moja. Wayasome yale majina ya pembeni kabla hawajaandika namba yoyote.