Marcel Desailly: kutoka ngome ya Ufaransa hadi kwenye kipaza sauti

Wapenzi wa kandanda wa miaka ya tisini wanamkumbuka Marcel Desailly kama beki ambaye washambuliaji wengi hawakupenda kukutana naye. Jina lake la utani lilikuwa Mwamba. Waliomfahamu baadaye, kuanzia mwaka 2006, walimjua kwa kazi nyingine: mchambuzi wa soka katika shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, na katika kituo cha televisheni cha Ufaransa, Canal+. Kati ya maisha hayo mawili lipo tukio moja la mwezi Aprili mwaka 2004, wakati alipozungumzwa kwenye kipaza sauti na mtu aliyedhani kwamba hasikiki.

Desailly alizaliwa mjini Accra, Ghana, tarehe 7 Septemba mwaka 1968, na akapewa jina la Odenke Abbey. Mama yake aliolewa na mwanadiplomasia wa Kifaransa, ambaye aliwachukua watoto na kuwapa jina lake. Marcel alipokuwa na umri wa miaka minne familia ilihamia Ufaransa na kufanya makao katika eneo la Nantes. Huko alilelewa kisoka na klabu ya mji huo, katika chuo ambacho kijana mwingine aliyeitwa Didier Deschamps alikuwa akijifunza pia.

Aliyemtangulia katika klabu hiyo alikuwa kaka yake wa upande wa mama, Seth Adonkor, kiungo wa kikosi cha kwanza. Mwezi Novemba mwaka 1984 Adonkor alifariki dunia katika ajali ya gari. Marcel alikuwa na umri wa miaka 16. Miaka miwili baadaye naye aliingia katika kikosi cha kwanza cha Nantes.

Mwaka 1992 alihamia Marseille, na tarehe 26 Mei mwaka 1993 mjini Munich timu hiyo iliifunga AC Milan bao moja kwa bila na kulitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Kabla mwaka huo haujamalizika, Milan ile ile iliyoshindwa ikamnunua. Mwezi Mei mwaka 1994, mjini Athens, Milan iliibwaga Barcelona mabao manne kwa bila, na bao la nne lilikuwa lake Desailly. Hivyo akawa mchezaji wa kwanza kulichukua kombe hilo miaka miwili mfululizo akiwa na klabu mbili tofauti. Mjini Milan kocha Fabio Capello alimchezesha kama kiungo mkabaji, nafasi iliyomlazimu kuutazama uwanja kwa pande zote, na hapana shaka kwamba mafunzo hayo yalimfaa hata alipoacha kuvaa viatu vya mpira.

Kwa Ufaransa alicheza mechi 116 na kufunga mabao matatu tu. Alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1998 na Kombe la Mataifa ya Ulaya mwaka 2000, kisha akapokea unahodha baada ya Deschamps kustaafu timu ya taifa. Unahodha wake haukuwa wa furaha tupu. Tarehe 31 Mei mwaka 2002, mjini Seoul, aliwaongoza mabingwa hao wa dunia katika mechi ya ufunguzi waliyofungwa na Senegal, bao la Papa Bouba Diop, na Ufaransa ikarudi nyumbani bila kufunga bao hata moja katika mechi zake tatu.

Mwaka uliofuata Ufaransa ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mabara. Katika nusu fainali iliyochezwa Lyon tarehe 26 Juni, kiungo wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, alianguka uwanjani na kufariki dunia. Siku tatu baadaye Ufaransa iliishinda Cameroon bao moja kwa bila katika fainali. Desailly hakulinyanyua kombe peke yake. Alilipokea pamoja na nahodha wa Cameroon, Rigobert Song.

Huyo ndiye mchezaji aliyekuwa uwanjani mjini Monaco tarehe 20 Aprili mwaka 2004, akiwa na klabu yake ya Chelsea, katika nusu fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa. Monaco walibaki wachezaji kumi baada ya mwenzao kutolewa kwa kadi nyekundu, na bado wakashinda mabao matatu kwa moja. Bao la tatu lilitiwa wavuni na Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura ambaye aliwahi kuichezea Yanga ya Dar es Salaam kabla ya kuelekea Ulaya.

Mechi hiyo ilitangazwa nchini Uingereza na kituo cha ITV. Mchambuzi wake alikuwa Ron Atkinson, kocha wa zamani wa Manchester United. Baada ya mchezo kumalizika, na matangazo kwa watazamaji wa Uingereza kufungwa, Atkinson aliendelea kuzungumza na wenzake akidhani kipaza sauti kimezimwa. Akimtaja Desailly, alisema kuwa ni mvivu na mjinga, na akaongeza tusi la kibaguzi linalotumiwa dhidi ya watu weusi.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Matangazo ya mechi kubwa hupelekwa kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja, na kufunga njia moja si kufunga zote. Waingereza hawakusikia kitu, lakini maneno yale yalifika masikioni mwa watazamaji katika sehemu za Mashariki ya Kati, zikiwemo Misri na Dubai. Siku iliyofuata Atkinson alijiuzulu ITV na akaomba radhi. Safu yake katika gazeti la The Guardian nayo ikakoma.

Kisa hicho kiliwachanganya wengi, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya sabini Atkinson huyo huyo, akiwa kocha wa West Bromwich Albion, aliwachezesha pamoja wachezaji watatu weusi, Laurie Cunningham, Cyrille Regis na Brendon Batson, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa nadra katika soka ya Uingereza. Watetezi wake walilitaja sana. Lakini kumpanga mtu katika timu ni jambo moja, na unavyomsema anapokuwa amekosea ni jambo jingine.

Miezi michache baadaye, baada ya Kombe la Mataifa ya Ulaya nchini Ureno, Desailly aliaga timu ya taifa. Aliondoka Chelsea na kwenda Qatar, katika eneo lile lile ambako tusi lilisikika. Ligi ya Qatar ilikuwa ikiwaita nyota waliokaribia kustaafu, na kina Gabriel Batistuta na Pep Guardiola walikuwa wamekwisha kuchezea huko. Desailly aliisaidia Al-Gharafa kuuchukua ubingwa wa msimu wa 2004-05, kisha akamalizia na klabu ya Qatar SC.

Kiangazi cha mwaka 2006 aliingia studio. BBC ilimwajiri kuwa mmoja wa wachambuzi wake katika Kombe la Dunia nchini Ujerumani. Kazi hiyo si ya utangazaji wa mpira kama wengi wanavyoielewa. Mtangazaji husimulia kinachotokea, nani ana mpira na anaupeleka wapi. Mchambuzi husubiri. Hupewa dakika chache kabla ya mchezo, wakati wa mapumziko na mwishoni, na katika dakika hizo anatakiwa aeleze kwa nini bao limefungwa na nani aliyeacha nafasi yake.

Mabeki huimudu kazi hii vizuri, pengine kwa sababu wao hucheza huku uwanja wote uko mbele ya macho yao. Alan Hansen na Mark Lawrenson, waliokuwa nguzo za uchambuzi wa BBC wakati huo, wote wawili walikuwa mabeki wa Liverpool. Tofauti ya Desailly ni kwamba alichambua kwa Kiingereza, lugha isiyokuwa yake ya nyumbani. Pamoja naye alikuwepo Mbrazili Leonardo, aliyecheza naye Milan na aliyekuwa upande wa pili katika fainali ya mwaka 1998.

Mashindano hayo yaliishia mjini Berlin tarehe 9 Julai, Ufaransa dhidi ya Italia. Katika muda wa nyongeza Zinedine Zidane alimpiga Marco Materazzi kichwa cha kifua, akatolewa nje, na Italia ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Wachambuzi duniani kote walikuwa na la kusema kuhusu kadi hiyo. Ni wachache mno, hata hivyo, waliojua kadi nyekundu katika fainali ya Kombe la Dunia ina uzito gani. Waajentina wawili, Pedro Monzón na Gustavo Dezotti, walitolewa mwaka 1990. Wa tatu alikuwa Desailly mwenyewe, mjini Saint-Denis mwaka 1998, katika dakika ya 68, Ufaransa ikiwa mbele kwa mabao mawili yaliyofungwa na Zidane. Wenzake kumi walilinda ushindi huo, na Emmanuel Petit akaongeza la tatu.