Mti wa Faili na Utaratibu wa Kuwasha Kompyuta

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani, huzipanga faili zote kama mti mmoja, ijapokuwa matawi yake yaweza kuwamo katika diski mbalimbali. Kila tawi la namna hiyo huunganishwa na mti kwa amri iitwayo mount.

Mgawanyo huu una manufaa. Taarifa za matukio ya kila siku zikiijaza diski ya tawi la /var, diski ya mzizi haikosi nafasi.

Hata hivyo, huzuka swali la utaratibu. Kompyuta inapowashwa, kiini cha mfumo huushika mzizi kwanza. Matawi mengine bado hayajaungwa. Iwapo programu ya kuunganisha imo katika /usr, na /usr imo katika diski ya pili, mambo yatakuwaje? Ni sawa na kuufungia ufunguo wa ghala ndani ya ghala: mashine itakwama. Ndiyo sababu programu za kukagua na kuunganisha diski ziliwekwa katika mzizi wenyewe. Faili ya /etc/fstab huorodhesha kila tawi na mahali pake. Mzizi hukaguliwa kwanza. Tawi la /var huungwa kabla ya /var/log. Ndipo huduma nyingine huanzishwa.

Mifumo mingi ya Linux ya leo huanza kwa mfumo mdogo wa muda, unaopakiwa katika kumbukumbu ya mashine ili kuunganisha mzizi. Zana zimehama, lakini kanuni ni ile ile: ufunguo hutangulia mlango.